Maji Niliyotia Kwenye Piano ya Karani

Mwaka wa nzige nilikuwa bado nabebwa mgongoni nikichoka, lakini nakumbuka vizuri. Walikuja mchana kutoka magharibi, jua likawa kama limefunikwa blanketi chakavu, na kijiji kizima kikatoka na madebe na vifuniko vya sufuria. Bibi yangu, ambaye miguu yake ilikuwa imeshakataa kazi, alikokotwa mpaka mlangoni, akakaa anagonga kinu kitupu kwa mchi. Haikusaidia kitu. Nzige walitua kwenye mtama, na kufika alasiri mtama ulikuwa vijiti. Basi sisi tukawala wao. Shangazi aliwakaanga kwa chumvi, na nisiwe mwongo, walikuwa watamu. Mpaka leo mtu akinikaribisha nzige siulizi wametoka wapi.

Njaa iliyofuata siikumbuki sana, labda kwa kuwa mtoto hulishwa kwanza. Ninachokumbuka ni ule mlio. Nzige wakila wote pamoja wanatoa sauti, si kubwa, kama manyunyu juu ya majani makavu, lakini haipumziki. Walipokwisha kuondoka nilikuwa bado namwambia mama, wanakula, wanakula, naye ananipapasa masikio akitafuta mdudu.

Ndivyo nilivyo. Kitu kikiniingia sikioni hakitoki. Shule nilisoma miaka miwili tu, ya misheni, na mwalimu alichoka nami kwa sababu niliweza kuigiza kengele, baiskeli yake na kikohozi cha padri, lakini herufi zilikuwa hazikai. Nilipokuwa kijana nikaja Tabora kwa miguu, nikapokelewa mtaa wa Mtendeni na mzee mmoja wa Kimanyema, seremala wa milango na vitanda. Hapo nikasilimu, na sababu ilikuwa msichana wa nyumba ya pili. Msichana akaolewa na mtu mwingine, Uislamu nikabaki nao, na sijutii. Mzee yule alinifundisha kazi kwa sikio. Ubao wa mninga uliokauka sawasawa ukiugonga kwa kifundo cha kidole unakujibu. Mbichi unameza sauti. Mwaka mzima kazi yangu ilikuwa kugonga mbao na kusema, hii tayari, hii bado.

Naona nimeanza na nzige na sasa niko kwenye mbao. Nivumilieni, piano inakuja.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha miaka kadhaa, mzee wangu amefariki, karakana imekuwa yangu. Siku moja akaja mpishi wa karani wa stesheni, kwamba naitwa nyumbani kwa bwana wake kutengeneza kinanda. Karani huyo alikuwa Mgoa, mtu wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa Unguja, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nyumba yake ilikuwa ya kuta nene za udongo, kwenye ile barabara ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Mchana kutwa aliandika hati za mizigo stesheni, magunia ya karanga, nta, ngozi, tumbaku ya Urambo, na jioni alipiga piano.

Mpishi alikuwa Mzaramo. Sasa Mnyamwezi kama mimi na Mzaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba meno ya tembo mpaka kwao pwani, basi hatukuwa na haja ya kujuana kwanza.

“Karibu mtumwa wangu,” akaniambia mlangoni. “Umekuja mikono mitupu? Nilidhani nyinyi hamwezi kutembea bila mzigo kichwani, shingo zinawauma.”

“Mzigo wenyewe ni wewe,” nikamjibu, “leo nimepumzika kukubeba.”

Karani alicheka, akanipeleka ndani. Piano ilikuwa ya kusimama ukutani, imenunuliwa Urambo wakati Wazungu wa mradi wa karanga walipofunga kambi zao na kuuza vitu. Akaifungua kifua. Ndani kuna nyaya zaidi ya mia mbili, kila waya umezungushwa kwenye kigingi cha chuma, na vigingi vyote vimepigwa kwenye ubao mmoja mnene uliofichika juu. Ukikaza kigingi kwa ufunguo, waya unapanda sauti. Taabu ni kwamba ubao ule ulitoka Ulaya kwenye baridi, ukaja kukaa Tabora. Kiangazi cha kwetu, kuanzia mwezi wa saba mpaka mvua za mwanzo, hupasua hata mlango wa mninga. Ubao ukanywea, matundu yakapanuka, vigingi vikalegea. Karani akikaza leo, kesho vimerudi.

“Nina miezi miwili, fundi,” alisema. “Baada ya hapo hata ukiifanya kuni za jikoni sitakulaumu.”

Akanieleza. Kulikuwa na mtahini wa muziki kutoka Ulaya, azungukaye nchi kusikiliza watu wakipiga na kuwapa cheti wanaostahili. Safari hii angetoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, na pale Tabora angengoja kubadili treni, nusu siku. Karani alikuwa ameandika barua nyingi mpaka akakubaliwa kusikilizwa nyumbani kwake, kwa kuwa piano nyingine mjini ilikuwa kwenye klabu ya Wazungu, na huko Mgoa hakuingia. Shule moja ya Unguja ilikuwa imemwahidi kazi ya kufundisha muziki akiwa na kile cheti. Bila cheti angebaki na hati za mizigo mpaka uzee. Mtahini asingerudi njia hii, angalau si kabla shule haijapata mtu mwingine.

Mkewe alisimama mlangoni na kikapu cha nguo. Akasema, “Nimeshaanza kufunga masanduku. Usinicheke, fundi.”

Sikucheka. Kama mtu anataka kujua karani alipata cheti au hakupata, aniwie radhi, mbele ataona kwa nini sijui.

Nikaanza kazi. Niling'oa kigingi kimoja kimoja, nikazungushia kipande cha msasa, nikakirudisha. Nilikuwa nafanya kumi au kumi na mbili kwa siku, maana ukikosea waya unakurukia usoni. Karani akirudi kutoka stesheni anakunywa chai, anakaa, anapiga, na mimi nakusanya vyombo vyangu polepole ili nisikie.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa vipande viwili, umeandikwa baada ya vita na mtu ambaye bado alikuwa hai huko Ulaya, ukamfikia karani kwa posta. Siku ya kwanza nilimwambia kwa uchungu, “Bwana, nimeharibu. Sauti zinagombana.”

“Hapana,” akasema, “ndivyo alivyoandika. Wa siku hizi hawapendi kulainisha.”

Kipande cha kwanza aliita utangulizi. Kilikwenda taratibu, sauti nyingi za juu, kama mtu anayetafuta kitu gizani kwa kupapasa. Cha pili kiliitwa fuga, na mpishi akauliza kuku wanahusikaje. Karani alinieleza kwa kidole. Sauti ya kwanza inasema neno lake peke yake. Halafu ya pili inalisema neno lile lile, juu kidogo, na ya kwanza hainyamazi, inaendelea na yake. Halafu ya tatu inaingia chini. Halafu ya nne. Wote wanasema neno moja, ila kila mmoja ameanza kwa wakati wake.

“Nimeelewa,” mpishi akasema kutoka jikoni. “Wake wenza wanne, sufuria moja.”

Mimi nilielewa kwa namna nyingine. Wapagazi wazee niliowakuta Mtendeni walikuwa na nyimbo za njiani. Wa mbele anaanza, na wa nyuma, kwa kuwa msafara ni mrefu, wanalipokea neno wakati yeye ameshafika kwenye jingine. Lakini wapagazi mwisho hukutana kwenye kiitikio. Hawa wa karani hawakukutana mapema. Kulikuwa na mahali, karibu na mwisho, ambapo walikuwa hawasubiriani tena. Mmoja hajamaliza neno, mwenzake ameshaanza, wa tatu amewakanyaga visigino, na chini kabisa sauti nzito inalisema neno lile lile kwa mwendo wa mzee, kila herufi mara mbili urefu wake. Halafu ghafla wote wanasimama pamoja. Kila jioni nilingoja mahali hapo. Baada ya mwezi niliijua fuga nzima, ningeweza kuipiga kwa mluzi sauti moja baada ya moja, na nyumbani mke wangu aliniambia, “Wewe mume, huo wimbo hauna mwisho?”

Nikamaliza vigingi vyote. Vikashika. Karani akakaza, akapiga, akafurahi. Wiki moja kabla ya mtahini kuja, upepo wa kiangazi ukavuma siku nne mfululizo, ule wa kuleta vumbi jekundu mpaka ndani ya chumvi, na vigingi vya upande wa kushoto vikaanza kurudi tena.

Karani hakunigombeza. Nadhani angenigombeza ingekuwa nafuu. Alikaa kwenye kiti cha piano, ameipa piano mgongo, akasema, “Tumefanya tulichoweza, fundi.” Mkewe alikuwa akikunja shuka, akaacha.

Sasa nasema jambo ambalo sikulisema wakati ule. Kwetu, jembe likilegea kwenye mpini wakati wa kiangazi, hakuna anayemwita fundi. Unachukua jembe zima, unalitia kwenye maji usiku mmoja. Mti unavimba, unakibana chuma, asubuhi unalima. Mtoto wa miaka sita anajua. Na karani mwenyewe alikuwa ameweka bakuli la maji ndani ya piano, chini kabisa, kitabu kilimshauri hivyo ili mbao zisikauke mno. Nikafikiri, kama maji kidogo ya mbali yanasaidia kidogo, maji ya karibu yatasaidia sana. Naona hata leo ukiniuliza haraka nitajibu hivyo hivyo.

Ijumaa, yeye akiwa stesheni na mkewe kanisani, nilichukua kijiko cha chai na kopo, nikadondoshea maji kila kigingi, kimoja kimoja. Halafu nikalowesha gunia, nikalikunja na kulisokomeza nyuma ya ule ubao. Mpishi aliniona.

“Bwana amekuruhusu?”

“Wewe pika.”

“Napika. Lakini nikisikia piano inaota mchicha nitasema ni Mnyamwezi.”

Jumamosi nikarudia. Jumapili asubuhi niliondoa gunia kabla hawajarudi kutoka misa. Karani akashika ufunguo, akakaza kigingi cha kwanza, akanitazama. Akakaza cha pili. Vilikuwa vimeshika kama vimezaliwa humo. Alikaza vyote mpaka saa nane mchana, jasho linamtoka, kisha akapiga fuga kutoka mwanzo mpaka mwisho, na kila sauti ilikaa mahali pake. Akasimama akanikumbatia. Mtu wa ofisi, amevaa tai ya kanisani, akanikumbatia na vumbi langu.

“Umefanyaje?”

“Ni kazi tu, bwana,” nikasema.

Mkewe alinifungia mkate wa nazi niwapelekee watoto. Niliula njiani mwenyewe, wote, kwa furaha.

Mtahini alikuwa aje Jumatatu alasiri. Jumatatu saa moja asubuhi mpishi alinijia karakana, na hakunitania. Hapo nilijua.

Maji yalikuwa yameteremka. Yalikuwa yamepita nyuma ya nyaya polepole, yakashuka kwenye vile vibao vyeupe na vyeusi vya kubonyeza kwa vidole na kwenye vitambaa vya sufu vinavyovishikilia, navyo vikavimba. Juu vigingi vilishika vizuri mno. Chini, ukibonyeza kibao kinashuka, kinalia mara moja, hakirudi. Kinabaki kimelala pale, na huwezi kukipiga mara ya pili mpaka ukiinue kwa kidole.

“Ni hewa,” karani alisema. Uso wake ulikuwa wa kijivu. “Mawingu yale ya jana. Mvua iko karibu, mbao zimevuta unyevu.”

Mawingu yalikuwepo, kweli, mawili. Nikasema, “Ndiyo, bwana.”

Hilo ndilo lililonikaa mpaka leo kuliko maji yenyewe. Mpishi alikuwa nyuma yangu, anapepea jiko la mkaa, akasikia. Mtani anaruhusiwa kukuambia kitu chochote, hata kwenye msiba, na yeye alinyamaza.

Tukavuta jiko chini ya piano. Karani alikuwa ameomba ruhusa kazini, akawa anaufungua mlango na kuufunga. Tulikausha kwa mkaa, tukapepea, tukavitoa vibao vilivyokuwa vibaya zaidi nikavipiga randa kidogo ubavuni. Kila nilipofungua kimoja, kingine kilichokuwa kizima kinaanza kulala. Kufika adhuhuri vilikuwa vimebaki kumi na kimoja vilivyolala, na vitano kati yao vilikuwa katikati, mahali fuga inapoishi. Nilijua hivyo bila kuambiwa. Nilihesabu kichwani, neno la kwanza linapita hapa, la pili hapa, la tatu linakanyaga viwili mara moja.

Saa tisa mtahini akaja kwa miguu kutoka stesheni, Mzungu mrefu mwenye miwani na mwavuli. Akafuta vumbi kwenye viatu vyake kwa kitambaa, akanywa maji, akaonyesha saa yake ya mkononi. Mimi na mpishi tulikaa baraza ya nyuma, dirisha wazi. Mke wa karani alikaa ndani, kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani.

Karani akapiga mazoezi ya vidole kwanza, yakapita na mapengo mawili. Utangulizi ukaenda, nashukuru, maana sauti zake nyingi ni za juu, upande wa kulia, na huko maji hayakufika sana. Mpishi akaniambia kwa sauti ndogo, “Pumua basi.” Halafu karani akaanza fuga. Neno la kwanza, safi. La pili lilipoingia, kibao kikalala. Akakiinua kwa kidole gumba, akaendelea, kingine kikalala. Akasimama.

Akasema na mtahini kwa Kiingereza, maneno mengi ya haraka. Mtahini akajibu kifupi, bila ubaya, akatazama saa. Karani akaja dirishani.

“Fundi, unaijua fuga?”

“Naijua, bwana.”

“Amekubali nianze upya. Kaa kushoto kwangu. Kibao kikilala, kiinue. Usitazame mikono yangu, sikiliza.”

Nilikuwa na patasi nyembamba, ile ya kuchonga maua ya milango. Nikaingia bila viatu, nikapiga goti pembeni mwa piano. Mtahini akanitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

Karani akaanza. Na nisiseme uongo, mwanzo tuliweza. Neno la kwanza likapita, nikainua kibao nyuma yake kabla hakijahitajika. La pili likaja, nilikuwa nimeshafika. La tatu likaingia chini, nikapitisha mkono chini ya mkono wake, nikainua viwili. Nilijua kila mmoja anatokea wapi. La nne. Nilisikia karani akipumua kwa pua, mwendo mmoja, na kwa muda ule mfupi tulikuwa wawili tunaofanya kazi moja, na niliamini tutafika.

Kisha tukafika mahali wasiposubiriana.

Sauti moja haijamaliza, nyingine imeanza. Niliinua kimoja, kumbe upande wa pili vinahitajika viwili. Nilipovuka, kile cha kwanza kilikuwa kimelala tena na vidole vyake viko juu yake. Nilijua kitakachokuja, kila kimoja, nilikisikia kabla hakijafika, na mikono yangu ilikuwa miwili tu, na yake ilikuwa njiani. Ile sauti nzito ya chini ikaanza neno lake la mwendo wa mzee, na herufi yake ya pili haikulia. Nikairukia. Patasi ikateleza ikamkata kidoleni, juu ya kifundo, na damu ikatoka kwenye vibao vyeupe.

Hakusimama. Alisema tu, kwa sauti ya chini, bila kunitazama, “Basi, fundi. Acha.”

Nikaacha. Akaendelea peke yake, vibao vilivyolala vikiwa kimya, vingine vikilia, neno likitokea nusu hapa na nusu kule. Yaliyokosekana mimi niliyasikia yote. Mtahini hakuyasikia, angeyasikiaje. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya karatasi yake, kalamu haiandiki. Mke wa karani alinitazama, nami nilikuwa na maneno mdomoni, ni mimi, ni maji, si mawingu. Hata kama ningeyasema, muda ule yangemsaidia nini mtu aliye katikati ya fuga? Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Niliweka patasi juu ya piano. Nikapita jikoni, mpishi akauliza, “Wamemaliza?” Nikavaa viatu, nikavuka ua, nikashika barabara kuelekea Mtendeni, na nyuma yangu karani alikuwa bado anapiga. Sikugeuka, na nyumba ile sikuikanyaga tena.